Sehemu ya ulinzi inayofuta miadi na kutishia kukata mkono: kwenye DID mnaanzia wapi?

Mshauri_Pwani

Wakuu, habari za jioni.

Naomba mchango wa wanaoijua DID kwa undani, ile hali ya mtu mmoja kuwa na nafsi kadhaa zinazopokezana mwili, huku saa nzima au hata siku zikikosekana kwenye kumbukumbu. Utambuzi wenyewe sina wasiwasi nao, daktari wa akili ameshaufanya. Kinachonikwamisha ni sehemu za ulinzi, yaani zile nafsi zilizojipa kazi ya kuwalinda wengine wa ndani.

Nimechanganya habari za zaidi ya mtu mmoja ili asitambulike yeyote. Mtu mzima, ana kazi, anaishi na ndugu. Walinzi wanaojulikana ni watatu. Wa kwanza anafuta namba ya mshauri kwenye simu na kughairi miadi. Wa pili anaziba kila kitu utoto unapoguswa: macho yanaganda, sauti inakatika, na akirudi hakumbuki tulichokuwa tunaongea. Wa tatu ndiye anayetisha. Anatukana kwa maneno yaleyale ya mtu aliyemuumiza utotoni, na anatishia kuukata mkono kwa wembe "ili ajifunze kufunga mdomo".

Nataka kujua mnaanza na yupi, mnatumia maneno gani hasa, makubaliano yanaandikwaje ili yasivunjike siku ya pili, na usalama unapangwaje nyumbani. Halafu ndugu wanasema ni jini, wanataka asomewe, na siku imeshapangwa. Nao tunawaambia nini?

---

Mzee_wa_Kliniki

Karibu mkuu. Nianze na huyo wa tatu, maana ukimkosea yeye, wawili wa kwanza hawatakuamini.

Ile sauti ya matusi ni mlinzi kama wenzake. DID hujengeka utotoni, kabla nafsi haijashikana kuwa moja, pale maumivu yanapojirudia na mara nyingi anayeumiza ndiye huyohuyo anayelisha. Mtoto hawezi kupigana, hawezi kukimbia, na kesho asubuhi lazima apokee chai kwa mkono uleule. Basi kazi inagawanywa. Mmoja anakwenda shule na hajui lolote, mwingine anabeba maumivu, mwingine anakesha. Anayekesha anagundua kwamba mdogo akinyamaza, kipigo kinapungua, kwa hiyo anaamua kumnyamazisha mwenyewe mapema kabla ya yule wa nje. Sauti ya ukali anaichukua pale alipoiona: ndani ya nyumba ile mwenye nguvu alikuwa mmoja. Ukimsikiliza vizuri mara nyingi utakuta ni mtoto wa miaka 7 au kijana wa miaka 13 anayejikaza kuwa mkali, na kwake yeye mwaka haujabadilika. Mlango ukigongwa, anajua ni nani anayegonga.

Ndiyo maana kumkemea hakufai. Kila ukimkemea unamthibitishia kwamba watu wazima ni walewale.

Mwongozo wa matibabu wa chama cha kimataifa cha wataalamu wa majeraha ya nafsi na mgawanyiko wa nafsi, toleo la 2011, unaigawa kazi katika awamu tatu: usalama na utulivu kwanza, kisha kumbukumbu za maumivu, kisha kuungana na kuishi maisha ya kawaida. Walinzi ni kazi ya awamu ya kwanza, na awamu hiyo huchukua miezi mingi, kwa wengine miaka. Mlinzi wako wa pili anaziba utoto kwa sababu unaguswa mapema mno. Kwa sasa yuko sahihi. Mwambie hivyo kwa sauti, kisha acha kabisa kuuliza habari za utoto mpaka yeye akubali.

Namna ya kuongea nao. Usimwite mlinzi atoke kwa nguvu. Ongea na aliye mbele yako, lakini kwa wote: "Ninachosema sasa nakisema kwa kila anayesikia, hata asiyetaka kunijibu." Halafu uliza swali moja, unyamaze. Yanayofanya kazi ni haya:

"Kazi yako ni nini hapo ndani?"
"Ulianza kuifanya mkiwa na umri gani?"
"Ukipumzika leo tu, unaogopa kitatokea nini?"
"Kwako wewe, sasa hivi ni mwaka gani?"

Jibu la swali la tatu ndilo ufunguo. Linakuonyesha hatari anayoilinda, na mara nyingi ni hatari iliyokuwepo kweli. Akikuambia "akisema, atauawa", basi kabla ya mengine yote jua kama kuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

Kuna maneno ya kuepuka. Usiseme "naomba kuongea na mwenye mwili halisi". Wote ni mtu mmoja, na ukimwita mmoja halisi, wengine wamesikia kwamba wao ni wa kuondolewa. Usiulize "kwa nini unamtesa". Usiahidi siri kwa sehemu moja dhidi ya nyingine. Sema mapema kwamba unachoambiwa na mmoja kinaweza kujulikana na wote, taratibu. Na usiwe na kipenzi. Washauri wengi hupendelea sehemu ndogo inayolia, na mlinzi huliona hilo ndani ya dakika chache.

Kisha mlete kwenye mwaka uliopo. Usimweleze tu, mwonyeshe: tarehe kwenye simu, kitambulisho chenye mwaka wa kuzaliwa, hesabu ya miaka ifanywe kwa karatasi. Mwombe aangalie mikono, aone ni mikono ya mtu mzima, asimame karibu na kitasa cha mlango aone kinafika wapi kwenye mwili. Nani ana ufunguo wa nyumba hii? Yule mtu yuko wapi leo? Hili hurudiwa kila kikao, kwa sababu habari ikifika kwa mmoja haijafika kwa wote. Ila angalizo kubwa: kama aliyeumiza bado anamfikia, anapiga simu, anakuja sikukuu, usithubutu kusema "uko salama". Mlinzi atakuona mwongo, na atakuwa na haki. Hapo kazi ya kwanza ni usalama wa kweli: makazi, namba ya simu, nani anafungua mlango.

Kuhusu makubaliano, huvunjika kwa sababu tatu nilizoziona zikijirudia kwenye kazi hii. Yamefanywa na nafsi ya kila siku peke yake, na mwenye wembe hakuwepo. Au ni marefu mno, "sitajiumiza tena" badala ya "hadi Jumatano saa kumi jioni". Au maneno yana tundu: "hatutakata" hayazuii kuchoma wala kumeza vidonge. Andika "hatutaudhuru mwili kwa njia yoyote", weka siku na saa ya kwisha, na weka njia ya mlinzi kusema hapana, mfano kuinua kidole cha mkono wa kushoto. Soma kwa sauti, uliza "kuna anayepinga?", subiri dakika nzima. Kichwa kikimuuma ghafla au mkono ukikaza, kuna anayepinga. Punguza muda, uliza upya. Yakifika saa yake bila kuvunjwa, yaandikwe mapya siku hiyohiyo. Usiache mwanya wa usiku mmoja.

Na muda wa kikao. Richard Kluft, daktari wa akili wa Marekani, aliweka kanuni ya theluthi ambayo bado naiona bora. Kwenye dakika 60, dakika 20 za kwanza ni za kuingia: wiki imekwendaje, nani yuko karibu, makubaliano yakoje. Dakika 20 za kati ni za jambo gumu. Dakika 20 za mwisho ni za kurudi: miguu sakafuni, tarehe, nani anaondoka na mwili, anapanda daladala gani, nani atampokea. Kama dakika 20 za kwanza zimekwisha na jambo gumu halijaanza, usilianze siku hiyo. Mtu asitoke mlangoni akiwa kwenye sehemu ya mtoto.

---

Sisi_wa_Ndani

Salaam wote. Mzee ameongea kwa upande wa kiti cha mshauri. Mimi ninayeishi na hali hii naongeza ya nyumbani, yale ya siku sita ambazo hakuna kikao.

Kwanza daftari. Kwa huyo anayefuta namba, simu haifai; chochote kilichomo kitafutwa. Tumia kaunta buku ya kawaida. Andika tarehe, saa, mahali mlipo, kisha swali moja tu, na uache nusu ukurasa wazi. Masharti yawe machache na yaandikwe ukurasa wa kwanza: hakuna kufuta cha mwingine, hakuna kuchana, hakuna anayelazimishwa kuandika jina. Kila anayetaka awe na kalamu ya rangi yake. Usitegemee jibu la maandishi mara moja. Jibu linaweza kuja kama picha, kama kichwa kuuma upande mmoja, kama wimbo unaojirudia, au kama neno moja lililokandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Hilo neno moja ni jibu kamili, liheshimu. Andika chini yake "nimeliona".

Nyumba ikiwa na watu wanaosoma vya wenzao, mlinzi hataandika kamwe na ana sababu. Liache daftari kwa mshauri, au tumieni alama: duara kwa "nina hasira", mstari kwa "simamisha", nukta kwa "nipo".

Pili, mjue anavyokuja. Mlinzi hatokei hewani. Taya linakaza, shingo inakuwa ngumu, mkono mmoja unajikunja, sauti za watu zinakwenda mbali, macho yanaona katikati tu. Ukiziona, usipigane nazo na usikimbilie kumeza dawa ya maumivu. Sema ndani kwa ndani: "Nimekuona. Umeona nini?" Halafu tazama uliko. Mara nyingi kipo kitu: harufu ya mafuta ya nywele, namna mtu alivyovuta kiti, sauti ya mkanda, mtu aliyesimama kati yako na mlango. Kibadilishe hicho kitu kidogo tu. Hama kiti, fungua dirisha, toka nje. Mlinzi anayeona onyo lake limefanyiwa kazi hana haja ya kuchukua mwili wote.

Mbinu za kurudi kwenye sasa zichaguliwe naye, zisichaguliwe kwa ajili yake. "Fumba macho uvute pumzi ndefu" inasifiwa kila mahali, na kwa wengi wetu inaleta madhara, kwa sababu macho yakifumbwa hakuna anayelinda mlango. Macho wazi, miguu chini, taja vitu vitano vya rangi moja, shika kitu cha baridi, nusa limau au karafuu. Fanyeni mazoezi wakati wa utulivu, dakika mbili asubuhi na mbili jioni. Kitu ambacho hakijazoewa hakitakumbukwa wakati wa dhoruba.

Tatu, mfuta-miadi. Mpe yeye miadi. Yeye ndiye aamue kikao ni cha dakika ngapi, kiti kiwe karibu na mlango au la, mlango ufungwe au uegeshwe, na mambo gani hayaguswi leo. Mkubaliane na mshauri mapema kwamba ujumbe wa kughairi utajibiwa kwa swali moja, "nini kimekutisha?", na miadi haifutwi, inageuka kuwa simu ya dakika 15. Namba iandikwe kwenye karatasi mbili, moja kwa ndugu anayeaminika. Hiyo isifanywe kwa siri. Mwambie wazi kwamba imeandikwa na kwa nini. Ukimzunguka mara moja tu, atahamia kwenye mambo ambayo huwezi kuyazunguka, mfano kuuteka mwili ndani ya daladala, kituo kimoja kabla ya kushuka.

Na mikutano ya ndani. Mwaka 1991 daktari George Fraser wa Kanada aliandika juu ya mbinu ya meza, sehemu zote zikae kuzunguka meza moja akilini. Kwa mtu wa pwani naona baraza ni bora kuliko meza. Barazani unakaa bila kuingia ndani, unaweza kusimama pembeni ukasikiliza, unaweza kuondoka bila kuaga, na hakuna aliyefungiwa. Walinzi huipenda hiyo kuliko chumba chenye milango. Ajenda moja, dakika tano hadi kumi, na watoto wa ndani wasikae kwenye kikao cha wakubwa. Wapelekwe kwanza mahali pao pa salama. Mlinzi akisimama amewapa mgongo, muacheni asimame hivyo. Amekuja.

---

Nesi_wa_Zamu

Nachangia usalama, na nitasema waziwazi.

Vitu vya kudhuru vipunguzwe nyumbani kwa ridhaa. Nyembe, vidonge, na kwa mikoani usisahau sumu ya panya, dawa ya mifugo na ya mashamba; hizo zinaweza kuua kabla hospitali haijafikiwa. Usipekue chumba chake usiku. Kaeni naye na mwambieni mlinzi: "Hivi tunavitunza kwa shangazi kwa wiki mbili, halafu tunaongea tena." Ukiviiba, atatafuta vingine na hatakuonyesha.

Dawa zitolewe za wiki moja, si za mwezi. Sababu ni mbili: kiasi kilichopo nyumbani kinakuwa kidogo, na kuna hatari ya dozi mara mbili, maana sehemu iliyoamka jioni haijui kwamba ya mchana ilishameza. Sanduku la dawa lenye siku linasaidia, pamoja na karatasi ukutani ya kutia alama.

Hakuna dawa inayotibu DID yenyewe. Dawa hutolewa kwa yanayoambatana nayo: sonona, hofu, kukosa usingizi, jinamizi. Sauti za sehemu haziondoki kwa dawa za saikosi, na dozi ikiongezwa kila sauti inaposikika, mlinzi anajihisi amefungwa kamba, akiamka anapigana zaidi. Ila kama daktari ameiandika kwa sababu nyingine, isiachwe ghafla. Diazepamu na jamaa zake zitumiwe kwa uangalifu: zinatuliza hofu lakini kwa wengine zinaongeza kupotea na kulegeza breki, na mtu aliyezitumia muda mrefu akikatiza kwa siku moja anaweza kupata degedege. Pombe hivyohivyo, na ni vizuri kujua ni sehemu gani inayokunywa na inakunywa kunyamazisha nini.

Baadhi ya wenye DID wamewahi kuitwa wagonjwa wa kifafa kwa sababu ya kuanguka na kuganda. Kipimo cha umeme wa ubongo, hasa kinachorekodi na video wakati tukio linatokea, ndicho kinachotenganisha. Wapo walio na vyote viwili, kwa hiyo vidonge vya kifafa visiguswe mpaka daktari aseme.

Mkono ukishakatwa: kitambaa safi, kandamiza dakika 10 bila kuchungulia, inua juu ya moyo. Jeraha likipanuka, likiwa kwenye kiwiko au kifundo cha mkono, vidole vikipoteza hisia, au damu isipokoma, hospitali, na waulizeni habari ya chanjo ya pepopunda. Na usihoji pale pale nani kafanya. Funga jeraha kwanza, swali lisubiri kikao.

Hospitali ya dharura bila kungoja kikao: kuna mpango wenye siku na njia, kuna kilichomezwa, au umeuliza na hakuna sehemu hata moja inayoweza kuahidi usalama hadi kesho. Asiachwe peke yake hata dakika ya kwenda msalani. Walioko Kenya wanaweza kupiga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu yenye washauri. Walioko kwingine waende moja kwa moja idara ya dharura iliyo karibu.

---

Mjukuu_wa_Mwalimu

Naomba nijibu la jini, maana ndilo linaloharibu kazi nyingi huku kwetu na linajibiwa kwa pupa.

Vitabu vya utambuzi havikulipuuza. DSM-5 ya Marekani, iliyotoka 2013, iliandika ndani ya kigezo cha kwanza cha DID kwamba katika baadhi ya jamii hali hii huelezwa kama kupandwa na pepo. Hapohapo ikasema hali isiyotoka nje ya desturi au ibada inayokubalika ya jamii hiyo haihesabiki kuwa ugonjwa. ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, imetenga pia ugonjwa wa kupagawa, ambamo anayeshika mwili huhisiwa kuwa kiumbe kutoka nje. Kwa hiyo mtu anayepandwa kwenye ngoma ya pepo mbele ya wenzake, akatuzwa, akarudi nyumbani mzima na kazi yake haijavurugika, msimwite mgonjwa.

Kwa huyu wa swali, usianze mabishano na mama kama majini yapo au hayapo. Utashindwa, na mama ataacha kuleta nauli ya kliniki. Omba mambo matatu tu. Asipigwe, asikandamizwe wala kufungwa. Asifungiwe kwenye moshi wala kunyimwa chakula. Dawa za hospitali zisisimamishwe. Kisomo cha sauti ya chini, akiwa macho, ameketi atakapo, na ameombwa akaridhia, kwa Mwislamu kinaweza kuwa faraja kubwa, na Mkristo hivyohivyo kwa sala. Masheikh na wachungaji wengi wakielezwa hivyo huelewa. Mtafute mmoja, umweleze kabla ya siku yenyewe.

Kwa nini "toka!" ni hatari? Kwa sababu anayeambiwa atoke hana pa kutokea. Ni sehemu ya mtu yuleyule. Mlinzi anasikia hukumu ya kifo kutoka kwa watu wengi wenye sauti kubwa, na hayo ndiyo mazingira yaliyomzaa. Hufanya moja kati ya mawili: anapambana mpaka mtu anaumia, au anajificha. Akijificha nyumba inashangilia kwamba amepona. Wiki chache baadaye mtu anakutwa mji mwingine hajui amefikaje, au kuna makovu mapya. Na kile kisa cha kumuuliza "jini lako linaitwa nani, linataka nini, wako wangapi" kinaweza kuongeza mgawanyiko, kwa kuwa kinawapa majina na madai waliokuwa hawana.

Ndugu wafundishwe namna ya kukaa na mlinzi akishatokea. Ongea polepole, ukae chini, usisimame mlangoni. "Mimi ni dada yako Zuhura. Leo ni Alhamisi, tuko Chumbageni nyumbani kwetu. Hakuna atakayekugusa. Unahitaji nini?" Watoto wa nyumba watolewe bila kelele. Msimpige picha wala video. Msimtume ujumbe kwa mwenzake: "kamwambie yule mwoga alipe deni." Msimcheke akiongea sauti tofauti, na msimwombe atokee tena kwa sababu anaosha vyombo vizuri kuliko mwenyewe, hayo yapo na yanaumiza.

---

Mshauri_Pwani

Nashukuru sana wakuu, nimenakili yote. Moja limebaki. Huyo wa matusi akishukuriwa anakuwa mkali zaidi. Jibu lake ni "usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa". Na anauliza kila mara kama lengo letu ni kumfuta. Hapo mnafanyaje, na mnajuaje kama kuna maendeleo?

---

Mzee_wa_Kliniki

Basi acha kumshukuru. Kwa mlinzi wa aina hiyo, sifa ni mtego; aliyeumiza huenda alikuwa anasifu kwanza. Ongea naye kikazi, kwa habari tupu. Mfano:

"Sikushukuru. Nataka kujua tu. Jana mlipotoka hapa ulimtukana njia nzima. Ulikuwa unazuia nini?"
"Asiropoke."
"Akiropoka kwa nani?"
"Kwa yule wa nyumbani."
"Sawa. Hilo la kutoropoka nyumbani nakubaliana nawe. Tukiandika kwamba yanayosemwa hapa hayasemwi nyumbani, bado itabidi kukata?"
"Nitaona."

"Nitaona" ipokee. Usiibane igeuke ahadi. Umekubaliana naye juu ya lengo, mkabaki mnajadili njia, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Kisha mpe cheo kinacholingana na uwezo wake: awe mkaguzi wako. Kila mwisho wa kikao muulize, "leo nimesema uongo wapi?" Akikutajia, sahihisha mbele yake. Macho yake makali yanapata kazi ya nje badala ya kumgeukia mdogo wa ndani.

Swali la kufutwa lijibiwe moja kwa moja, kila linapoulizwa, hata kama ni mara ya ishirini: "Hakuna anayeuawa. Siwezi na sitaki. Baadhi ya watu wenye DID huishia kuungana kuwa mmoja, wengine hubaki sehemu zinazoelewana, na hilo mtaliamua nyinyi baadaye sana. Nguvu yako inahitajika kwenye njia zote mbili." Usipunguze maneno. Walinzi wengi wanavuruga matibabu kwa hofu hii pekee, na mara nyingi mshauri wao hakuwahi kuitaja.

Kuhusu maendeleo, usipime kwa ukimya. Ukimya wa ghafla wa mlinzi mkali unanitia wasiwasi kuliko matusi yake. Pima umbali kati ya onyo na tendo. Mwanzo jeraha linakutwa asubuhi bila taarifa. Baadaye anatishia kwanza, na ndugu wataona hali imezidi kuwa mbaya, kumbe tishio lililosemwa limechukua nafasi ya wembe. Halafu anaandika kwenye daftari. Halafu anauliza: "kesho unaleta habari gani?" Waandalie ndugu ratiba hiyo mapema, wasije wakamtoa kliniki kwenye hatua ya pili.

---

Sisi_wa_Ndani

Nyongeza kwa Mzee: akiwa mkaguzi, apewe pia haki ya kusimamisha kikao, na itumike kweli. Akisema basi kwenye dakika ya 25, mshauri afunge jambo hapo hapo, aende moja kwa moja kwenye zile dakika za kurudi, bila "malizia kidogo". Mara ya kwanza atasimamisha kwa kujaribu tu, aone kama neno lake lina uzito. Kikao hicho kisihesabiwe kuwa kimepotea.

Na mkuu, wiki hii usiulize jambo jipya. Daftari, karatasi ya namba, dawa za wiki, na lile ombi la mambo matatu kwa mama. Anza na mama, kwa kuwa kisomo kina tarehe.